Nani atamwajiri mshambuliaji wa magongo?

Tarehe 20 Julai 1980, mjini Moscow, Tanzania ilifungwa na India mabao 18 kwa bila katika mpira wa magongo. Hispania wakatufunga 12, Wasovieti 11 kwa 2, Poland 9 kwa 1, Cuba 4. Tukashika nafasi ya sita kati ya timu sita. Mpaka leo hiyo ndiyo timu pekee ambayo nchi hii imewahi kuipeleka Olimpiki katika mchezo wa timu. Soka, pamoja na kelele zake zote, haijawahi kufika huko.

Wanaoikumbuka Olimpiki ile hukumbuka medali mbili za fedha, ya Filbert Bayi na ya Suleiman Nyambui. Magongo hayatajwi, na yakitajwa hutajwa kwa kicheko. Mimi sioni cha kuchekesha. Tulikwenda Moscow kwa sababu wengi wa wenye mchezo hawakuwepo. Marekani iliitisha mgomo baada ya majeshi ya Kisovieti kuingia Afghanistan, zikabaki nyumbani timu za magongo za Pakistan, Ujerumani Magharibi, Uholanzi, Australia, na hata Kenya, jirani yetu aliyekuwa na jina kubwa kuliko sisi katika mchezo huu. Nafasi zikabaki wazi, tukaitwa kuzijaza. Vijana waliokulia kwenye viwanja vya nyasi na vumbi wakashushwa juu ya nyasi bandia, ambazo Olimpiki yenyewe ilikuwa imeanza kuzitumia miaka minne tu nyuma, Montreal. Kwa hali hiyo, kufunga mabao mawili mbele ya wenyeji si haba.

Soma majina ya kikosi kile: Da Silva, Furtado, Mendes, Virdee, Manji, Sykes, Toto. Unaiona nchi ilivyokuwa. Wagoa na Masingasinga, ambao jumuiya zao zilikuwa na vilabu vyao na viwanja vyao, wamechanganyika na Waswahili wa mjini. Mchezo ulirithishwa ndani ya jumuiya, baba kwa mwana, Jumapili kwa Jumapili. Baada ya nyumba kutaifishwa mwaka 1971, Wahindi wengi walifunga mizigo wakaenda Uingereza na Kanada, na magongo yakaenda nao. Waliobaki waliuendeleza mchezo kwa mapenzi, ila mapenzi hayalipi kodi ya chumba.

Ninapoirejea mechi ile ya India namwangalia zaidi mtu mmoja wa upande wa pili. Katika kikosi cha India alikuwemo Mohammed Shahid, mshambuliaji wa miaka 20 kutoka Varanasi, kijana ambaye mabeki walikuwa wanamtafuta mpira umeshawapita. Alirudi nyumbani na medali ya dhahabu. Hakukuwa na ligi ya kulipwa ya kumsubiri, wala wakala wa kumuuza Ulaya. Alikuwa na kitu kimoja tu: kazi. Aliajiriwa na Shirika la Reli la India, na alikuwa bado ni mtu wa Reli alipofariki Julai 2016. Mmoja wa washambuliaji hodari wa zama zake mshahara wake ulitoka kwenye nauli za treni. Kabla yake Dhyan Chand, ambaye Wahindi wanamtaja kwa heshima ile tunayompa marehemu babu, alikuwa askari jeshini maisha yake yote ya uwanjani.

Sasa nije Kimara.

Tuseme yupo kijana wa miaka kumi na tisa, anakaa Kimara Temboni, na ameshikwa na magongo. Sitampa jina, maana simsemi mtu mmoja. Namna alivyoupata mchezo haina ajabu: mwalimu aliyewahi kuucheza, au jirani askari, au rafiki aliyekwenda kutazama akarudi na hadithi. Ana mbio, ana kiuno chepesi, na ana ule ujanja wa kujificha nyuma ya beki ambao haufundishwi. Ni mshambuliaji. Tatizo lake la kwanza ni ardhi. Kimara ni vilima na mabonde, nyumba zimejengwa kila mtu na kipande chake, na penye tambarare ama ni shule ama ni kanisa. Ukanda wa Barabara ya Morogoro ulibomolewa mwaka 2017 ili barabara ya kwenda Kibaha ipanuliwe, na kilichobaki pembeni ni vibanda, maegesho ya bodaboda na vifusi. Uwanja wa shule ya msingi una mteremko, na ikifika saa kumi umeshakaliwa na watoto wa soka wasiopungua arobaini wakigombea mpira mmoja. Huwezi kuwaambia wasogee ili watu wawili wapige magongo.

Basi anashuka mjini. Saa kumi na moja jioni, wakati watu wote wanarudi Kimara, yeye anakwenda kinyume. Hilo peke yake ni afadhali, maana gari linaloshuka lina nafasi. Kazi iko wakati wa kurudi: usiku kwenye mwendokasi, amebanwa mlangoni, gongo amelishika wima mbele ya kifua kama mlinzi wa geti, na mama mmoja mwenye kapu anamuuliza, "Mwanangu, hilo rungu la nini?" Akieleza, mama anasikiliza kwa adabu, kisha anauliza swali ambalo chama cha mchezo na baraza la michezo hawajawahi kulijibu vizuri: "Na wanawalipa?"

Gongo lenyewe si la kuokota. La maana hutengenezwa Sialkot, Pakistan, au Jalandhar, India, na hapa kwetu hulipati mpaka uagize au uachiwe na mtu aliyetoka safari. Kama kijana wetu ni wa mkono wa kushoto, pole yake, kwa kuwa kanuni hazina gongo la kushoto. Upande bapa ni mmoja na kila mtu hupigia huo. Mpira ni mgumu, uzito wake gramu 156 hadi 163, na ukikugonga goti kwenye uwanja wa vumbi utaikumbuka siku hiyo mpaka uzeeni.

Hapa kwenye uwanja lazima nikae kidogo, kwa kuwa watu wengi hudhani tofauti ya vumbi na nyasi bandia ni ya starehe tu. Kwa mshambuliaji ni tofauti ya ufundi mzima. Katika magongo bao halihesabiwi mpaka mpira uguswe na mshambuliaji ndani ya nusu duara iliyo mbele ya goli, yenye kipimo cha mita 14.63. Nje ya hapo piga unavyotaka, utakuwa unajisumbua. Kwa hiyo kazi ya mshambuliaji inafanyika ndani ya eneo dogo, mabeki wamejaa, muda ni wa kufumba na kufumbua. Kwenye nyasi bandia pasi inakuja imelala chini, unaweza kuipokea huku macho yakimtazama kipa. Kwenye kokoto mpira unaruka, na kijana anajifunza kuinamisha kichwa kila mara kuusubiri utulie. Akifanya hivyo miaka mitano, mwili unazoea. Siku anapopelekwa nje ya nchi na kuwekwa kwenye zulia, kichwa bado kinainama, na wakati anakiinua beki wa Misri ameshauchukua mpira na kuondoka.

Kisha ipo penati kona, ambayo ndiyo benki ya mabao ya mchezo huu. Mmoja anausukuma mpira kutoka mstari wa mwisho wa uwanja, pembeni ya goli, wa pili anausimamisha nje ya duara, wa tatu anauchomoa kwa kuuburuza na gongo na kuutupa juu kona ya goli. Yote hayo hufanyika kabla hujamaliza kusema jina lako. Ni kazi ya saa ya ukutani, inarudiwa mamia ya mara kwa wiki, na inadai uwanja usiobadilika. Kwenye kokoto huwezi hata kuianza. Nafahamu kwamba nyasi bandia za kimataifa kwa miaka mingi zimekuwa zikimwagiliwa maji kabla ya mechi, na kumwambia mtu wa Kimara, ambaye maji yanatoka kwa ratiba na ratiba yenyewe ina mambo yake, kwamba tunaomba maji ya kulowesha plastiki, ni kutafuta matusi. Bahati nzuri shirikisho la dunia lenyewe limeanza kuzitafuta nyasi zisizohitaji maji. Kwa nchi za aina yetu hiyo ni habari njema kuliko semina yoyote ya makocha.

Najua atakuwepo wa kusema: mbona hata wa soka anasota? Kweli anasota. Angalia waliofunga mabao mengi Ligi Kuu: 2018/19 na 2019/20 Meddie Kagere, 2022/23 Fiston Mayele na Saido Ntibazonkiza, 2023/24 Stephane Aziz Ki, 2024/25 Jean Charles Ahoua. Wageni watupu. Katikati yao wamejichomeka John Bocco mwaka 2021 na George Mpole wa Geita Gold mwaka 2022, mabao 17, mbele ya Mayele aliyekuwa na 16. Kijana mzawa anayecheza mbele katika klabu kubwa anatumia misimu mizima akivua na kuvaa fulana ya mazoezi pembeni mwa uwanja. Clement Mzize wa Yanga aliivumilia hali hiyo hadi akafika kufunga mabao 14 msimu wa 2024/25, na wengi wa rika lake hawakufika.

Lakini mshambuliaji wa soka ana ngazi, hata kama vidato vingine vimeoza. Ana mechi za mchangani, ana Ndondo, ana ligi za wilaya na mkoa, ana Ligi ya Championship, na juu kabisa ana timu zinazolipa mshahara hata kama unachelewa. Mbwana Samatta alitoka Mbagala, akapita African Lyon, Simba, TP Mazembe, Genk, akafunga katika fainali ya Kombe la Ligi ya Uingereza akiwa na Aston Villa, Machi 2020. Kila kituo katika safari ile kilikuwa na mtu wa kumlipa. Kijana wetu wa Temboni akiuliza kituo chake cha pili ni kipi, hakuna mtu atakayemwonyesha.

Ndiyo maana hukasirika ninaposikia kiongozi au mfadhili akiwaambia vijana, mbele ya kamera, kwamba michezo ni ajira. Kwa soka na ngumi, sawa, kwa wachache. Kwa magongo kauli hiyo ni uongo uliovaa suti. Mtoto akipewa fulana, akapigwa picha, akaambiwa ajitume, kisha akaachwa arudi kwao Kimara na nauli yake mwenyewe, hajasaidiwa. Amepotezewa miaka.

Kwa wenzetu wa Kenya mambo yalikwenda vingine, ingawa nao waliwapoteza Masingasinga wao. Waliwahi kuwa wa sita Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964, na mwaka 1971, katika Kombe la Dunia la kwanza kabisa, lililochezwa Barcelona, walimaliza wa nne, wakiongozwa na Avtar Singh Sohal, beki aliyecheza Olimpiki nne. Kizazi kile kilipoondoka, pengo halikuzibwa na hotuba. Lilizibwa na waajiri. Polisi ya Kenya ikawa na timu, na mchezaji akawa askari mwenye namba na mshahara. Kiwanda cha sukari cha Butali, kule Kakamega, kikawa na timu. Telkom ikawa na timu ya wanawake iliyotwaa ubingwa wa vilabu vya Afrika mara nyingi mpaka ikawa habari iliyozoeleka. Vyuo vikuu kama Strathmore vikachukua wengine kwa masomo. Nairobi wana uwanja wa City Park, uliojengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987, na ingawa wachezaji wameulalamikia kuchakaa, angalau wana kitu cha kulalamikia. Sisemi Kenya ni peponi. Telkom ilipojitoa, mabingwa wale wa Afrika walibaki bila mdhamini na timu ikabadili jina ikawa Blazers. Mwajiri mmoja akiondoka, timu inayumba. Wakiwepo watano, ligi inasimama.

Na hili la kazi ya umma kama mshahara wa mwanamichezo si aibu ya nchi maskini. Ujerumani, ambayo imetwaa medali za dhahabu za magongo mara kadhaa, ina mpango jeshini wa kuwachukua wanamichezo ili wafanye mazoezi wakiwa na mshahara wa askari. India, hata baada ya kuifufua ligi yake ya kulipwa, bado inawapa wachezaji vyeo polisi na kwenye mashirika. Katika mnada wa ligi hiyo uliofanyika Oktoba 2024, nahodha Harmanpreet Singh alinunuliwa kwa rupia milioni 7.8, zaidi ya shilingi milioni 200 za kwetu. Ni beki, kwa taarifa ya washambuliaji: bei yake imo kwenye penati kona. Mshambuliaji Abhishek alimfuata kwa rupia milioni 7.2. Pamoja na fedha hizo zote, Harmanpreet ni ofisa wa Polisi ya Punjab. Anajua goti likigoma, bado kuna asubuhi ya kwenda kazini.

Hapa kwetu njia hiyo si ngeni. Filbert Bayi alikuwa mwanajeshi. Alphonce Simbu, aliyetwaa dhahabu ya marathoni ya dunia mjini Tokyo Septemba 2025, ni wa JWTZ. Majeshi yetu yamebeba riadha, ngumi, netiboli, mpira wa mikono, na magongo yenyewe yangekuwa yamezikwa zamani kama si kambi. Kwa kijana wa Kimara leo, mlango pekee unaofanana na mkataba ni kupita JKT, kisha kuomba Mungu kambi atakayopangiwa iwe na timu na kamanda apende michezo. Wengi hawapiti, na si kila mwenye kipaji ana moyo wa kwata.

Zamani mlango haukuwa mmoja. Watu wa umri wangu hawahitaji kukumbushwa Reli ya Morogoro, Bandari, Pamba ya Mwanza, Ushirika ya Moshi, na kina dada wa Bima kwenye netiboli. Shirika lilikuwa na timu kama lilivyokuwa na zahanati. Mchezaji alikuwa karani, fundi, mlinzi wa ghala, akitoka saa nane kwenda mazoezini. Walioua utaratibu ule walikuwa na sababu, maana mashirika mengine yalikuwa yanafilisika huku timu ikila vizuri. Ila ugonjwa ulikuwa hesabu mbaya, na dawa iliyotolewa ikawa ni kukata mguu. Leo mashirika yamesimama, yanatoa gawio kwa Serikali mbele ya Rais, na kila mwaka yanakutana kwenye michezo ya SHIMMUTA kuvuta kamba na kucheza karata. Sina ugomvi na kamba. Najiuliza tu kwa nini shirika linaweza kumlipia posho mhasibu wa miaka hamsini akavute kamba mkoani, lakini likaona ni anasa kumwajiri kijana wa miaka ishirini anayeweza kuivaa bendera.

Sitegemei ligi ya kulipwa ya magongo Tanzania katika uhai wangu, na anayeiahidi asichaguliwe kwenye chama chochote. Ninachokitaka kina gharama ndogo. Wakati tunamwaga mabilioni kwenye viwanja kwa ajili ya AFCON ya 2027, itandikwe nyasi moja ya magongo, isiyohitaji maji, mahali ambapo mtu wa Kimara, wa Temeke na wa Gongo la Mboto anafika kwa gari moja au mawili. Isifungiwe kambini wala klabuni kwa wenye kadi. Na ziwepo nafasi za kazi, kazi za kweli zenye saa za kuingia na kutoka, kwa wachezaji wa kikosi cha taifa.

Mzazi wa Kimara mwenye kijana wa aina hii, usimnyang'anye gongo. Mwache acheze, ila fomu ya VETA ijazwe mwaka huu huu, umeme au ufundi bomba, achague mwenyewe, kwa kuwa hata Shahid alikuwa na Reli yake.

Na kwa wakubwa wa Shirika la Reli, Mamlaka ya Bandari na Shirika la Umeme: treni ya umeme inakwenda Dodoma tangu 2024, meli zinashusha, mita zinasoma, na kila mwaka mnatangaza nafasi za kazi kwa mamia ya vijana. Tengeni tano kila shirika kwa wacheza magongo wenye sifa za kazi hizo. Ni vijana kumi na watano, wanatosha timu moja na wa akiba, na hakuna hata mmoja kati yenu atakayefilisika.